Mkono Uliochubua Mnanaa wa Paka

Saa moja asubuhi, Mama Paka, kama mtaa mzima unavyomwita, amesimama bustanini na mundu wake, hajakata hata jani. Anawatazama paka wakigaragara kwenye tuta la mwisho, chini ya dirisha la mama yake.

"Hapo sijagusa mimi," anasema. "Haki ya Mungu, sijagusa."

Analima mnanaa wa paka, ndugu wa ule mnanaa tunaotia kwenye chai, wenye maua meupe ya vitone vya zambarau. Majani huyakausha darini, kisha huyashindilia kwenye vimpira vya kitambaa. Wenye paka huvigombania, maana harufu yake huwalevya paka.

"Eti nauza bangi ya paka!" anacheka. "Basi wateja wangu hawana maneno mengi."

Kazi hii ina mwiko wake. Mbegu humwagwa palepale zitakapokulia, mche hauhamishwi. Mkono ukichubua majani, harufu hutoka, na paka huulalia mmea mpaka unyauke. Usipoguswa, paka hupita kana kwamba hawauoni.

Tuta la mwisho lilimwagwa mbegu na marehemu baba yake, na tangu azikwe hakuna aliyelivuna. Paka walipoanza kulijia, Mama Paka alidhani kuna wezi wanaochuma majani. Alitafuta nyayo, hakuona hata moja.

Kisha asubuhi moja, akimwogesha mama yake, aliyelazwa kitandani na kiharusi mwaka wa pili sasa, alikuta majani mabichi ya mnanaa kiganjani mwa mama. Dirisha lina nondo na wavu. Mlango alikuwa ameukomea mwenyewe kwa ndani.

"Nikamuuliza, mama, nani kakupa? Akasema, 'Baba yako. Kaniambia nijiandae.' Jamani, nywele zilinisimama."

Yeye ni mtoto wa pekee, hana mume wala mtoto. "Mama akiondoka nabaki na nani? Na hawa paka?"

Kila asubuhi majani yalikuwepo, na kila siku mama alizidi kudhoofika. Wiki iliyopita uvumilivu ukamwisha. Alikwenda kwenye lile tuta, jua likiwaka, akasema kwa sauti: "Baba, mama mwache. Kama upweke umekuzidi huko, njoo tuongee mimi na wewe."

Tangu hapo kiganja cha mama ni kitupu. Anaomba uji, akimaliza anaomba tena. Juzi alichezesha vidole vya mguu, na muuguzi anayemtembelea akabaki mdomo wazi.

Anapoulizwa kama majani yamekoma, Mama Paka anaingia ndani. Anarudi na mto anaolalia yeye. Katikati yake kuna majani matatu, bado yana umande.

"Haya ya leo," anasema, akiyapangusa taratibu.

Anaogopa? "Naogopa sana. Lakini maneno nimeyasema mwenyewe, nilimwita aje kwangu amwache mama."

Mpango wake kwa sasa ni mmoja. "Natafuta msichana mwenye mkono mwepesi na huruma. Nimfundishe bustani, nimwonyeshe mama anavyopenda kugeuzwa. Ningependa awe amemzoea mama kabla maua hayajapukutika."