Mkono wa Klachi

Miaka tisa kwa boda sijawahi kuanguka. Leo nimeangushwa na baiskeli.

Ni ile ya milimani, magurudumu makubwa, springi mbele na nyuma. Wiki tatu nimekuwa nikipita duka moja la baiskeli mtaa wa Pioneer nikiimezea mate.

Leo nikaomba kuijaribu. Mzee mwenye duka akasema niache ufunguo wa pikipiki yangu kwanza. Nikaacha. Akaniambia, "Kijana, breki ya mbele iko kushoto, na ni kali. Usiibane yote."

Nikasema sawa Mzee. Hata sikuwa nasikiza.

Wah, hiyo kitu inaelea! Yale mashimo yote mgongo wangu unayajua, leo hata moja sikulisikia.

Kisha kondoo akakatiza mbele yangu.

Watu wa boda, mnajua vile mkono wa kushoto hufanya kabla ujiulize. Unabana klachi, ile ya kubadilisha gia. Yote.

Nikabana yote.

Gurudumu la mbele likasimama. Mimi nikaendelea.

Kondoo hana hata mkwaruzo. Mimi mkono umevunjika mahali pawili, na daktari amesema wiki nane.

Chekeni tu, najua mtacheka.

Jioni hii Mzee amekuja mwenyewe kunirudishia ufunguo. Ameuweka mezani, akasema pole, akaenda.

Halafu Mama Mboga, abiria wangu wa kila asubuhi, akapiga simu: "Kesho usichelewe, sawa?"

Nimemjibu sawa Mama. Sasa niambieni, nimpigie tena nimwambie nini?