Aliyepanda Penye Ubovu

Tangu bwana shamba aondoke, nyuma ya nyumba ya mama Mado hakuna tena anayepiga magoti asubuhi kunusa mizizi ya maharage. Bwana shamba yule, ambaye mshahara wake ulikuwa umekatwa, alichavusha maua ya maharage matamu ya Mado, yaliyokuwa yakioza mizizi, kwa chavua ya maharage magumu yasiyooza, akitumia kibano cha nyusi. Mbegu alizopata akazipanda makusudi mahali ambapo mizizi ilioza mwaka uliopita. Miche yote ikasimama bila kuoza, ikazaa.

“Tupike basi, papa!” Mado akamsihi walipovuna. “Batoto beko na njala.”

“Apana, mama. Hii maharage iko batoto tu. Bajukuu ndiyo batasema kweli.”

Msimu uliofuata akayapanda mavuno hayo palepale; katika kila miche minne mmoja ulioza. Aliunusa huo uliokufa, akacheka: “Tatu kwa moja! Ni hesabu ya damu, si bahati: nguvu inarithiwa!” Mbegu za miche mizima akamwachia Mado. Sasa bwana shamba mwenyewe, kwa kukosa mshahara, anachimba shaba kwenye migodi ya Kambove.