Dada Yangu na Leseni ya Baa

Mwaka ule mtaani kwetu Langoni, Lamu, samaki walisingiziwa mengi. Kijana akionekana asubuhi amejiinamia kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni mwao, anatapika, mamake alitoka na ndoo ya maji na kuwaambia waliokuwa wakirudi msikitini kwamba samaki wa jana alikuwa ameharibika. Watu walimpa pole wakapita. Wote walijua, na wote walinyamaza, kwa sababu kwetu aibu ya nyumba ya mtu hufunikwa. Tunaita sitara, na ni jambo jema. Ila sikuwahi kuona jambo jema likimnufaisha mwenye baa kiasi kile.

Zamu ya nyumba yetu ilipofika, aliyeshika ndoo alikuwa dada yangu. Ni mjane, mpole kuliko mimi, na mwanawe wa kiume alikuwa na miaka kumi na sita. Tulimkalisha ndani tukamhoji. Akasema walikwenda baa jioni, wawili, wakauziwa bia bila kuulizwa kitambulisho. Binti ya dada yangu alikuwa ameposwa, na huyo mwenzake alikuwa mdogo wake mchumba. Watu wenyewe ni wa mtaa wa Mkomani, nyumba ya heshima zake, na harusi ilikuwa ifanyike baada ya Idi.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilivaa buibui nikaenda kwa naibu wa chifu. Alinisikiliza vizuri, akaniambia sheria ipo: anayemuuzia mtoto pombe hutozwa faini, anaweza kufungwa, na kamati ya leseni za pombe inaweza kumfutia leseni.

"Lakini Bi, nani atasema?" akaniuliza. "Kila mama nikimfuata, ananiambia mwanawe alikula samaki."

Leseni ya baa ile ilikuwa inakaribia kwisha, na kamati ikatangaza kikao cha kusikiliza wenye pingamizi kabla ya kuihuisha. Nikamwambia dada twende.

"Nitakuya," akasema, "lakini sitanena neno. Mwanangu wa kike na aolewe kwanza."

Nikamwita mwoga. Siku ya kikao nilinuna njia nzima mpaka ukumbini.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kina mama tulikaa upande wetu, na mama yake mchumba alikuwa safu ya nyuma yetu. Mwenye baa alisimama na shati lililonyooshwa vizuri, akazungumza kwa adabu kuliko wote tuliokuja kumlalamikia. Alisema watoto wa Lamu wamelelewa kidini, hawanywi, na mwenye shaka amuulize mzazi yeyote aliyemo humo. Mwenyekiti akatugeukia akauliza kama yupo mzazi ambaye mwanawe aliuziwa. Nikaona vichwa vinainama, buibui hili na lile. Nilitamani kupiga kelele, lakini mimi sikuwa mama wa mtu.

Dada yangu akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi aombwe arudie.

"Wangu alikunywa," akasema. "Yuwasoma bado, kitambulisho hana. Ulimuuzia wewe, Bwana, na miaka yake hukumuuliza. Mimi ndimi nilowambia watu ni samaki."

Mwenyekiti akamuuliza mwanawe alikuwa na nani.

"Mimi ni mamake huyu tu," akajibu. "Wa wenzangu siwasemei."

Akaketi. Nikamshika mkono. Nilimwonea fahari, na nilimhofia pia.

Leseni haikuhuishwa, na baadaye mahakama ikamtoza yule bwana faini. Kina mama walikuja kumshukuru dada, mmoja mmoja, wakisimama mlangoni na kusema kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeingia ndani.

Aliyeingia alikuwa mama yake mchumba. Dada alimkaribisha vizuri, akamletea juisi ya ukwaju. Mgeni alishukuru kwanza. Alisema dada amewafaa wazazi wote, Mungu amlipe kheri. Kisha akasema kwamba wanaume wa nyumba yao wamekaa, wakaona posa ile iachwe, kwa kuwa habari za nyumba yetu zimesemwa hadharani. Yeye hakuwa na la kufanya. Mpwa wangu wa kike alikuwa chumba cha pili, na pazia halizuii maneno.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi, na la kwanza lilikuwa jina la mwanawe mdogo. Dada akaniwekea mkono gotini, mzito kuliko nilivyoujua.

Akamgeukia mgeni wake.

"Na yule mwanao mdogo," akamuuliza, "hajambo?"

Mgeni aliinamia bilauri yake.

"Hajambo," akasema. "Tangu baa kufungwa, yuwalala nyumbani."

"Alhamdulillahi," akasema dada yangu, na akainuka kumsindikiza.