Damu Yangu Haikuwa Machozi

Nilianguka kanisani Kabiro, huko Kawangware, mbele ya wanawake wenzangu, nikiwa katikati ya kusimulia ndoto. Damu ilikuwa imepita pedi, ikapita leso, ikaanza kudondoka kutoka kwa kiti cha plastiki mpaka chini kwa simiti. Mabonge yalitoka kama vipande vya maini. Masikio yakavuma. Mtu akataka kuniinua, na Mchungaji Silas akasema, "Msimguse. Iacheni itoke. Huo ni uchungu wake wa miaka mingi." Wakaanza kuimba. Mimi niko chini nakufa, na watu wananiimbia.

Wacha niwaambie vile nilifika hapo.

Mimi ni Rispa, Mama Felix, naishi Soweto West, Kibera. Shule niliachia darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa kufua nguo za watu wa maghorofa, na nilikuwa na nguvu. Blanketi la watu wawili nilikuwa nalikamua peke yangu. Halafu damu ikaanza kuja wakati si wake. Mara nikiinama, mara nikilala na mzee wangu. Nikafikiri ni umri. Baadaye ikaja na harufu, hata mimi mwenyewe nikawa sitaki kukaa karibu na watu. Kiuno kikawa kama kimekanyagwa.

Aliyenipeleka Kawangware ni Perpetua, mwenyekiti wa akina mama wa hilo kanisa. Tulikuwa tunafua pamoja. Akaniambia, "Mama Felix, mchungaji wetu si kama hawa wa kelele na mafuta. Huyu amesomea akili."

Na kweli hakuwa wa kelele. Mchungaji Silas aliongea polepole, macho kwako. Alitufundisha kwamba akili ya mtu iko na sehemu ya chini ambayo mwenyewe haijui, na Biblia yote inaongea juu ya hiyo sehemu. Samaki wa Yona si samaki, ni huko chini, unamezwa na kile unachokimbia. Kaburi la Lazaro ni kile umezika ndani ukaweka jiwe juu. Ndoto ni huyo wa chini anabisha mlango. Kila mmoja alileta ndoto yake, na yeye akaifungua kwa mstari. Niseme ukweli, ilinifurahisha. Tangu nizaliwe hakuna mtu wa elimu aliwahi kuniuliza nimeota nini.

Nikamwambia habari ya damu. Akafungua Biblia pale kwa yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili.

"Dada Rispa, angalia. Alizunguka kwa waganga, akazidi kuwa mbaya. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wanatibu damu, na ile haikuwa damu. Ni machozi yalikosa njia ya macho. Wewe ni nani hujamlilia?"

Nikatafuta. Kila Jumamosi kikundi cha ndoto kikikutana, natafuta. Kikundi kikanibana mpaka nikakumbuka mama yangu alinipeleka kuishi kwa dada yake nikiwa mdogo. Mchungaji akasema ndiyo hiyo. Ati namchukia mama na sijui. Ati lazima nimwambie. Nikampigia simu nyumbani, nikamwambia.

Mama akasema, "Nilikupeleka kwa sababu kwetu hakukuwa na chakula. Sasa hiyo ndiyo inakutoa damu?"

Nililia mpaka macho yakafura. Damu haikujali.

Kuna jambo haliniachi. Jumapili moja mchungaji alishikwa na tumbo akihubiri. Akajikunja, akatapika pale mimbarini. Perpetua, kwa moyo safi kabisa, akamuuliza, "Mchungaji, umeota nini hizi siku?" Akamjibu, "Wacha ujinga, Perpetua. Leta gari." Alipasuliwa siku hiyo hiyo, wakamtoa kidole tumbo. Aliporudi nilimfuata. Nikamwambia, "Na mimi basi niende hospitali?" Akaniangalia na ile huruma yake.

"Rispa, mimi siwezi kukuzuia. Lakini jiulize, unakimbia nini?"

Sikuenda. Nani anataka kuwa Yona?

Ndiyo nikaendelea kuvuja mpaka ile siku ya kuanguka. Walipomaliza kuimba, Perpetua na mwenzake wakanirudisha nyumbani, wakanilaza. Mwenye nyumba wangu ni Mama Zulfa, Mnubi Muislamu wa hapa hapa Kibera. Aliingia akasimama mlangoni.

"Hii ni nini?"

Perpetua akamweleza mambo ya machozi.

"Machozi? Wewe umeona machozi ya kulowesha godoro? Shika huko miguu tumbebe, ama utoke nje uendelee kuota."

Muislamu ndiye alinipeleka. Si ndugu zangu katika Bwana.

Hospitali waliniongeza damu ya watu wengine kwanza. Daktari, msichana mdogo, alinipima kule chini. Akauliza, "Mama, hii imeanza lini?" Nikamwambia. Akavua glavu polepole. "Ni saratani ya mlango wa kizazi. Ungekuja ikiwa ndogo tungeikata ikaisha. Sasa imeenea, itabidi tuichome na mashine ya mionzi."

Nilichomwa mpaka ngozi ya chini ikawa nyeusi. Niliharisha kama mtoto. Mkojo uliuma kama pilipili, na mpaka leo siwezi kuushika. Kufua siwezi. Mzee wangu alivumilia, halafu hakuvumilia. Mama yangu alikufa nikiwa wadi, sikumzika. Neno kubwa la mwisho alilosikia kwangu ni kwamba namchukia, na si mimi niliyelitunga.

Madaktari wanasema saratani haionekani tena. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Zulfa, namshukuru yule msichana daktari. Lakini msiniambie nichekelee. Kuna siku naamka nikiuliza nilibakizwa nifanye nini.

Wewe mama unayetokwa na damu wakati si wake, ama ukilala na bwana yako, enda upimwe. Ndoto utasimulia ukirudi.

Na wewe, Silas. Nimesikia unaambia watu hukunizuia. Ni kweli, hukunizuia. Ulinifanya nione haya kwenda. Perpetua, wewe ulishuhudia, na bado umekaa kwa kile kiti cha mbele.

Sasa yuko Mercy kwa kikundi chenu, yule wa kusuka nywele. Ana uvimbe kwa titi, umeshaanza kuvuta ngozi. Umemfundisha ni maziwa ya mtoto aliyempoteza. Nilimfuata kwa kibanda chake nikamsihi. Akanijibu, "Auntie, wewe uko na uchungu hujaumaliza." Hayo ni maneno yako kwa mdomo wake. Mimi hawezi kunisikia tena. Wewe atakusikia.

Kwa hivyo Jumapili hii simama mbele ya kanisa umwambie aende hospitali, bila kumuuliza anakimbia nini. Ukikataa, nitakuwa nimekaa hapo mbele na hii harufu yangu ya mkojo, na utanijibu watu wote wakisikia: kwa nini tumbo lako lilikuwa tumbo, na titi lake ni ndoto?