Kitanda cha Chuma cha Lamya

Faris alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika gereji moja ya Buyenzi, na mwaka ule wa vikwazo, petroli ilipoadimika mjini Bujumbura, gereji ilikuwa na vyuma vingi kuliko magari. Ndiyo sababu kitanda cha binti yake kilitokana na portbagaji ya Pijo, ile fremu ya kufungia mizigo juu ya paa. Aliichomelea fito pande zote na miguu minne, akapiga tupa kila ncha, kisha akapitisha shavu lake mwenyewe juu ya vyuma kuhakikisha hakuna kinachokwaruza. Godoro lilikuwa sponji ya kiti cha nyuma cha gari hilohilo. Kazi haikuwa na kasoro, ila mwenye kitanda hakukitaka.

Lamya alikuwa na miezi minane, na tangu azaliwe usingizi wake wa mchana ulikuwa juu ya mgongo wa mama yake, Miza. Miza alipika naye, akafua naye, akaenda naye msibani na harusini. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Lamya hakuwa na kingine cha kutazama, wala hakukitafuta.

Kisha ikaja siku ya soko. Mtoto alikuwa na homa kidogo, Miza akamwacha kwa jirani yake Adélaïde, mwanamke aliyekimbia vita kule Kamenge akapanga chumba cha uani. Huko sokoni mtu asiyejulikana alirusha guruneti. Kipande cha chuma kikamwingia Miza mgongoni, katikati ya mabega. Daktari alikitoa, akashona, akasema kidonda kitapona, lakini asibebe kitu mgongoni mpaka nyama ishikane.

"Mpaka lini, docta?"

"Mpaka ishikane, mama."

Wanawake waliokuja kumpa pole walipima kwa macho, wakanong'onezana, na mmoja hakuweza kuzuia ulimi. "Pale pale kichwa ya mutoto inalalaka. Mungu mukubwa!"

"Mukubwa," Miza akaitikia. Tangu hapo kila alipofumba macho aliliona jambo hilo, na hakuwa na pa kulipeleka.

Kwa hiyo ilibidi Lamya ajifunze kulala kitandani. Kila adhuhuri Miza alimnyonyesha, Faris au jirani akamlaza ndani ya fito, na kilio kikaanza kabla mgongo haujagusa sponji. Miza alimtandikia mbeleko yake ya kitenge, akidhani harufu ya mama itamtuliza. Lamya aliinusa, akageuka huku na huku kumtafuta mwenye harufu, akalia zaidi. Aliimbiwa, akapigwapigwa makalio, akapewa kijiko achezee. Alikitupa.

"We Miza," Adélaïde alisema kutoka mlangoni, "huyu mutoto alikosa nini mpaka mumufungie buloko? Kila siku anakata rufaa, hamumusikie!"

"Mi nifanye nini, Adélaïde?"

"Umupatie mi."

Akamchukua, akamrusha mgongoni, akainama. Kabla hajamaliza kufunga fundo, Lamya alikuwa amelala. Miza akabaki amekaa kwenye mkeka, akimtazama mwanawe akiegemeza shavu kwenye kisogo kisicho chake. Alishukuru kwa mdomo. Usiku ule alimwambia Faris kwamba kidonda kinamuuma, na Faris akaamini kuwa ni kidonda.

Siku ya tatu ya kubebewa mtoto, Miza alishindwa kuvumilia.

"Adélaïde, dada yangu, usimubebe tena. Atazoea wewe."

"Basi alie?"

"Alie."

Akalia, mpaka sauti ikakauka. Miza alikaa chini kando ya kitanda, mkono umepenya kati ya fito, na Lamya alikishika kidole chake akakivuta kwa nguvu, kama anayevuta mtu kutoka shimoni. Miza aliweza tu kumwachia kidole. Adélaïde aliondoka uani akaenda kuchota maji ambayo hakuyahitaji.

Aliyegundua dawa ni Faris, na aliigundua kwa hasira. Mchana mmoja alirudi amechoka, akashika kitanda kwa mikono miwili akakitikisa. "Sasa unataka nini, binti yangu?" Kilio kikakatika. Alipoacha kutikisa, kikaanza upya. Tangu siku ile Miza alikaa akisukuma mguu wa kitanda kwa unyayo wake, na Lamya akalala. Hata akazoea. Akaanza kukidai kwa kunyoosha mikono, na akiwekwa ndani alicheka na vyuma vyake.

Ndipo daktari akasema nyama imeshikana.

Miza alirudi nyumbani karibu anakimbia. Alifua mbeleko, akaianika, akaingoja ikauke kama mwali anayengoja nguo ya harusi. Akainama, Adélaïde akamwekea mtoto mgongoni. Lamya akajikaza kama ubao. Akasukuma mabega ya mama yake kwa viganja, akajipinda nyuma, akapiga kelele huku mikono yake ikielekea kwenye fito za kitanda. Walijaribu asubuhi, wakajaribu jioni, wakajaribu kesho yake. Adélaïde, ambaye hakuwahi kukosa mzaha, aliikunja mbeleko akamrudishia Miza.

Haukupita muda mrefu, risasi za usiku zikatoboa bati la nyumba yao. Kulipokucha Faris akaamua wahamie kwa dada yake, upande wa pili wa Buyenzi. Gari la kukodi halikupatikana, wala petroli. Lamya alikataa mgongo, na mikononi alijipinda mpaka Miza akaogopa kumwangusha.

"Kitanda inaenda," Faris akasema, "na yeye mule ndani."

Akakiinua begani upande wa mbele. Nyuma akashika Gélase, mwenzake wa gereji. Jua lilikuwa kali, karibu na adhuhuri, kwa hiyo Miza akafunika kitanda chote kwa mbeleko.

Barabarani, mafundi wa gereji ya kwanza waliona fremu ndefu iliyofunikwa nguo, Faris mbele, uso umekunjamana, mkewe nyuma. Wakaweka spana chini. Wakavua kofia za kazi, wakaja mbio, maana kubeba jeneza la Mwislamu ni thawabu na hakuna anayetaka kuikosa.

"La ilaha illa Llah," wakaanza.

Gélase alikuwa Mkristo. Alidhani wanamsaidia mzigo. "Murakoze sana," akashukuru, akawaachia.

"Apana, apana! Siyo maiti!" Faris alipiga kelele, lakini bega lingine lilikwishaingia mahali pa lake, na kalima ilimeza sauti yake. "Subira, Faris, subira," wakamwambia, wakamsukuma pembeni kwa upole. Kitanda kikapita bega kwa bega, kwa mwendo wa haraka wa mazishi, kuelekea msikitini.

Miza akakimbia. Mzee Huseni, muuza vipuri, akamzuia kwa mkono.

"Mama, wanawake hawafuatake. Ubaki."

"Mutoto yangu iko mule!"

"Tunajua, mama. Tunajua." Macho yake yalijaa machozi.

Wiki baada ya wiki Miza alikuwa amemwomba Lamya anyamaze. Sasa alisimama katikati ya barabara, mikono miwili mdomoni, akimwomba alie. Mara moja tu. Sauti ndogo tu. Lakini mabega ya Buyenzi yalitikisa vizuri kuliko unyayo wake, na chini ya mbeleko palikuwa kimya.

Walipofika mlango wa msikiti wakakitua. Kutulia kule kukamwamsha, na kilio kikapasuka. Mwanamume mmoja aliruka nyuma. Mwingine akafunua nguo, akaona mtoto mwekundu kwa hasira, akaketi vumbini akacheka mpaka akalia. Yeye alikuwa amezika mtoto wake juzi.

Miza alifika anahema. Akamtoa Lamya, akamkumbatia. Lamya akajipinda, akanyoosha mikono kwenye fito.

Miza akamrudisha.

"Tuendelee, mama?" fundi mmoja akauliza. "Tulishaanza."

Wakakiinua tena, bila kukifunika, wakaelekea kwa dada yake Faris. Kila walipopunguza mwendo alilia, kwa hiyo hawakupunguza. Miza alifuata nyuma, mbeleko imekunjwa begani, na hakuweza kuwafikia.