Pingamizi la Binti Yangu

Binti yangu alipotimiza miaka saba, aliacha kutoka chumbani kama watu wengine. Alikuwa akifika mlangoni anasimama, anakaa hivyo kidogo, kisha anageuza shingo polepole na kunitazama kwa jicho lililobanwa. Hapo ndipo anakwenda chooni.

Mwanzoni nilidhani ni shingo inamuuma. Halafu mbuzi wa jirani akala daftari lake la hesabu. Nilipotoka nje nilimkuta amemshika yule mbuzi pembe zote mbili, wanatazamana macho kwa macho.

"Nilikuamini," alikuwa akimwambia. "Siku zote hizi ulikuwa unajua!"

Mbuzi aliendelea kutafuna hesabu za kuzidisha kwa saba.

Nilijua maneno hayo yametoka wapi. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya maji hapa Lodwar, na natoka kazini saa kumi na moja. Mume wangu alikuwa mwalimu Kakuma, anakuja nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili. Kwa hiyo mtoto akitoka shule alikaa dukani kwa jirani yetu, mama Mturkana wa rika langu, aliyeuza sukari, tumbaku, shanga na samaki wakavu wa ziwani. Juu ya friji ya soda kulikuwa na televisheni ya sola, na humo mlikuwa na tamthilia za ng'ambo zilizotiwa sauti za Kiswahili. Watu wa tamthilia hizo hawasalimiani. Mtu akiingia nyumba ya mwenzake, anaanza na vitisho moja kwa moja.

Mimi mwenyewe sikuwa mtazamaji. Saa moja jioni nilikuwa nakata sukuma wiki mbele ya televisheni yangu, basi. Kama sukuma ziliisha kabla ya kipindi, nilikata vitunguu ambavyo hakuna mtu aliyevihitaji.

Sasa, kulikuwa na harusi Kakuma. Bwana harusi alifundisha shule moja na mume wangu, kijana mwembamba wa Kitui ambaye suti zote zilimpwaya. Bibi harusi alikuwa Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya hapo, mwenye kibanda cha chapati karibu na lango la shule. Chapati zake zilikuwa za tabaka. Ukivuta moja inafunguka kurasa kwa kurasa. Tulialikwa familia nzima, na nikamshonea binti yangu gauni la njano.

Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniuliza, "Mama, nani ataisimamisha?"

"Ataisimamisha nini?"

"Harusi."

"Hakuna mtu atasimamisha. Lala."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake hajui mambo ya dunia.

Kanisa lilikuwa la mabati, limejaa hadi mlangoni, na mchungaji alikuwa Mkongomani mrefu mwenye sauti ya kutosha hata pasipo kipaza sauti. Kwaya iliimba kwa magitaa na kinanda, mavumbi yakapanda, tukacheza, tukaketi, tukajipepea kwa programu za harusi. Kisha mchungaji akafika pale pa kuuliza kama kuna mtu yeyote mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa au anyamaze milele.

Nilimwona binti yangu akigeuka kutazama mlango. Akatazama madirisha. Hakuna aliyeingia akikimbia. Hakuna pacha aliyepotea. Nadhani aliona kazi imekosa mtu, na harusi bila kazi hiyo haijakamilika. Kabla sijamkamata, alikuwa amepanda juu ya benchi.

"Simamisheni harusi hii!"

Mpiga kinanda, kwa mshtuko, aliegemea noti nzito tatu kwa pamoja. Mpaka leo binti yangu anaamini kwamba noti hizo zilikuwa zimepangwa, kama kwenye tamthilia.

Nilimvuta gauni. Mchungaji akainua mkono. "Muache, mama. Hata mutoto ana kinywa. Sema, weye. Kwa nini hawa batu wasioane?"

Nilitarajia atasema jambo la televisheni, kwamba bwana harusi ana mke mwingine au amepoteza kumbukumbu. Watu wangecheka, nami ningecheka nao.

"Bwana harusi hampendi bibi harusi," alisema kwa sauti iliyonyooka. "Anapenda chapati zake. Siku akiacha kupika, atamwacha."

"Nani alikuambia?" mchungaji akauliza.

"Mama yangu. Alimwambia anti kwa simu."

Kanisa zima liligeuka. Nilianza kufunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimefunguka. Ni kweli nilisema. Nilisema wiki mbili nyuma, nikipiga soga na mdogo wangu aliye Kakamega, nikicheka mpaka machozi, na mtoto alikuwa mezani palepale akiandika kazi ya shule. Sikumwona. Yaani nilimwona, lakini vile mtu anavyoona meza.

Bibi harusi alifunua shela. Hakunitazama mimi. Alimtazama bwana harusi.

"Ni kweli?"

Yule kijana alikuwa anatiririka jasho ndani ya suti. Alijifuta paji la uso. Kisha akasema, "Chapati ndizo zilinileta. Siwezi kudanganya kanisani." Watu wakaguna. "Lakini mwaka jana uliugua, ukafunga kibanda mwezi mzima. Si nilikuja kila siku? Nilikuwa nakula nini?"

Bibi harusi alifikiri. "Uji wa mgonjwa," alisema.

"Bila sukari," alisema bwana harusi.

Kina mama wa kwaya walipiga vigelegele hata sijui nani alianza. Mchungaji alicheka mpaka akatoa leso, akajifuta macho, akatangaza kwamba pingamizi limesikizwa na limeanguka. Binti yangu akakubali uamuzi. "Sawa," akasema, "endeleeni," akashuka kwenye benchi.

Nje, chini ya turubai, niliamua kuongea kabla mume wangu hajaongea. "Umeona? Ni hizi tamthilia. Zinaharibu watoto. Kesho naenda dukani kwa yule mama, hiyo TV izimwe."

Mume wangu alikuwa na mfupa wa mbuzi mkononi. Aliutafuna kwanza. "TV ilimpandisha kwenye benchi," alisema. "Maneno alipewa na nani?"

"Na wewe je? Kila Jumamosi unampa simu yako atazame video za vituko ili wewe ulale. Mara ya mwisho alijifunza kutega maji juu ya mlango, ukapita chini yake."

"Hiyo ilikuwa nzuri kidogo," alisema.

"Ulimpa kicheko. Akarudia siku tatu. Nililowa mimi."

Akaugeuza mfupa mkononi. Tulisimama pale, wazazi wawili wenye kazi za serikali, kila mmoja akitafuta mtu wa tatu wa kulaumu, na hakukuwa na mtu wa tatu karibu.

Nilikwenda nyuma ya kanisa kuomba radhi. Bibi harusi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya masufuria, amevua viatu, anapumzisha miguu. Niliongea haraka, bila kupanga. Nikasema mdomo wangu hauna breki, nikasema mtoto, nikasema aibu.

"Dada, usijali," alinikatiza. "Ile swali nilikuwa nayo mwenyewe. Tangu zamani. Nilikuwa naogopa kuiuliza." Akavuta kiti kingine kwa mguu ili nikae. "Sasa niambie. Kwa simu ulisema chapati yangu ni mzuri?"

"Nilisema hakuna kama hizo Turkana nzima."

"Basi."

Ningependa kusema nilirudi Lodwar nikiwa mtu mpya. Nilirudi nikiwa yuleyule, na Jumatatu jioni niliingia dukani kwa jirani nimekaza uso. Tukasalimiana ejok, ejok, nikamweleza yaliyotokea. Alicheka mpaka akashika mzani.

"TV hiyo mtoto wako anaangalia saa moja tu kwa siku," alisema alipotulia. "Hizo saa zingine zote ako na nani?"

Nikasema mtoto hatatazama tena, mwisho.

"Sawa. Lakini wewe ndio utamwambia mama yangu."

Sikuelewa. Akanielekeza kwa kidevu. Pembeni mwa duka, juu ya gunia la mahindi, aliketi mama yake mzazi, shanga shingoni mpaka kidevuni, mtu asiyejua Kiswahili zaidi ya maji, chai na kuja. Kila alasiri, jirani alinieleza, binti yangu hukaa miguuni pake na kumfasiria tamthilia yote kwa Kiturkana, nani kamsaliti nani, na kwa nini.

Mimi nilikuwa na miaka minne Lodwar na Kiturkana changu kiliishia kwenye salamu. Mtoto wangu alikuwa anafasiri hila za mawakili na wasia wa kughushi, na mimi sikujua hata kwamba anaiongea lugha hiyo.

Marufuku yangu ilidumu siku sita. Siku ya tatu nilijikuta mbele ya televisheni yangu nimekata sukuma za watu kumi. Siku ya tano yule bibi alituma mjukuu kuuliza kama yule mwanamke wa tamthilia aliyekuwa hospitali amefumbua macho. Mume wangu alipokuja Ijumaa tulizungumza kweli, bila kurushiana. Yeye simu yake haitakuwa yaya tena. Mimi nikitaka kumsengenya mtu nitoke nje, na ikiwezekana nisimsengenye. Hilo la pili nililikubali kwa shingo upande na bado naliendea polepole. Na tamthilia ni moja tu kwa siku, pamoja na mtu mzima anayeitazama kweli. Nikaomba nitoke ofisini mapema siku mbili kwa wiki, nikaruhusiwa.

Siku ya kwanza nilinunua soda, nikapewa sehemu kwenye gunia. Kwenye skrini mwanamke mmoja alimdanganya mtoto wake kuhusu baba yake. Binti yangu akanigeukia.

"Mama, kwa nini hamwambii ukweli tu?"

"Anaogopa."

"Anaogopa mtoto?"

Nilisema ndiyo, wakati mwingine watu wazima huogopa watoto. Alilifikiria hilo, kisha akamfasiria bibi. Bibi aliangua kicheko, akasema neno refu kwa Kiturkana akiionyesha skrini kwa fimbo yake.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anauliza hawa watu hufanya kazi lini."

Nilisema sijui, nikamsogelea bibi kidogo ili naye mama mwenye duka apate pa kukaa.