Protini ya Baba

Mama alikuwa ameshafariki baba alipopata saratani ya njia ya haja kubwa. Kwa kuwa alitoka damu chooni, shangazi alimkataza nyama na maziwa. Mimi, mtoto wa kwanza, nikampikia uji mwepesi miezi miwili.

Daktari wa Shinyanga alipopima damu yake alisema, “Protini imeshuka mno. Nikimpasua sasa, kidonda hakitafunga. Anakula nini?”

“Uji,” baba alijibu. “Nina ng’ombe kumi na wanne, daktari, nalishwa kama mtoto anayeota meno.”

Niliacha shule nikawa namkamulia maziwa asubuhi na jioni. Damu ilipopimwa tena, protini ilikuwa imeshuka zaidi; saratani ilikuwa inaimaliza kuliko maziwa yalivyoiongeza. Hakupasuliwa. Niliendelea kumkamulia mpaka aliposhindwa kumeza.